NGARA NA GOMA, 1994: SOMO KUHUSU WAKIMBIZI WA VITA NA MSAADA WA KIMATAIFA



 

Ndugu mwanafunzi, katika darasa la sira umeshasoma juu ya Waislamu wa mwanzo waliotoka Makka kwenda Uhabeshi wakapokewa na Najashi, mfalme ambaye siku ile hakuwa wa dini yao. Umesoma pia jinsi Ansari wa Madina walivyogawana nyumba na mitende na ndugu zao Muhajirina. Mambo haya tunayakariri kila mwaka, na mtihani ukifika wengi wenu mnapata alama nzuri. Lakini ukimuuliza mwanafunzi huyo huyo mkimbizi wa zama hizi ni nani kwa sheria, analishwa na nani, maji yake yanatoka wapi, na kwa nini watu hufa kwa maelfu hata baada ya kuziacha risasi nyuma yao, anabaki kimya. Somo hili linachukua tukio moja tu, lakini kubwa, tena sehemu yake ilitokea ndani ya nchi yetu: wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994.

MKIMBIZI NI NANI?

Kwa lugha ya mtaani kila aliyehama kwa shida huitwa mkimbizi. Sheria haiko hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ulioongezewa itifaki mwaka 1967, unasema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake na anayeogopa, kwa sababu za msingi, kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi lake katika jamii au mawazo yake ya kisiasa. Aliyekimbia kijiji chake lakini bado yumo ndani ya mpaka wa nchi yake ni mhamaji wa ndani, na kinga yake ni nyingine.

Waafrika waliona mkataba huo haukutosha, kwa kuwa huku kwetu mtu huweza kukimbia bila yeye binafsi kuandamwa na yeyote. Vita vimefika kijijini, basi. Ndiyo maana mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulitunga mkataba wake ukamwingiza pia anayekimbia vita, uvamizi wa kigeni au machafuko makubwa. Mkataba huo unakataza kumrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Unataka wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyotoka. Na unasema mtu aliyetenda jinai ya kivita au jinai dhidi ya ubinadamu hastahiki kuitwa mkimbizi hata kama amevuka mpaka pamoja na wengine.

Haya mawili ya mwisho yashike vizuri. Kisa chote cha Goma kimelala hapo.

DARAJA LA RUSUMO

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikuwemo naye akafa. Kuanzia usiku ule mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, yakiendeshwa na wanajeshi, viongozi wa serikali na wanamgambo walioitwa Interahamwe, pamoja na mauaji ya Wahutu waliopinga. Yalidumu kiasi cha siku 100. Umoja wa Mataifa unataja watu zaidi ya 800,000 waliouawa, na serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni moja. Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, wengi wao katika vitongoji vya Kigali kama Nyamirambo na Biryogo ambako Kiswahili kinasikika sana, na taarifa nyingi zinaeleza kuwa baadhi yao waliwaficha majirani zao waliokuwa wakitafutwa.

Je, dunia ilifanya nini wakati huo? Hapa msomaji asikimbilie mbele kwenye mahema na magunia ya mahindi. Rwanda kulikuwa na jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa lenye askari wapatao 2,500. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha uamuzi wa kulipunguza hadi watu 270. Mwezi Mei Baraza likabadili nia na kuidhinisha askari 5,500, lakini askari hao hawakufika mpaka mauaji yalipokuwa yamekwisha.

Wakati huohuo jeshi la waasi la RPF lilikuwa likisonga mbele kutoka kaskazini na mashariki. Wahutu wengi wa mashariki ya Rwanda walikimbia mbele yake. Wengine walikimbia kwa kuogopa kisasi, wengine kwa kuamriwa na viongozi wao, na wengine kwa kuwa mikono yao ilikuwa na damu. Wote walielekea Rusumo, ambako barabara inavuka mto Kagera juu ya maporomoko na kuingia wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera.

Walinzi wa mpaka wa upande wa Rwanda walipoondoka, Alhamisi tarehe 28 Aprili 1994, mlango ukawa wazi. Kwa muda wa siku moja, Alhamisi ile kuingia Ijumaa, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja. Wapo waliotoa makadirio ya chini zaidi, kiasi cha 170,000, lakini hata hao ni wengi kuliko wakazi wote wa wilaya ya Ngara wa siku zile, kwa hesabu ya sensa ya 1988. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi namna ile. Upande wa Tanzania wakimbizi walinyang'anywa silaha, na mapanga yakarundikwa kando ya barabara. Chini ya daraja mto ulikuwa ukipitisha maiti za waliouawa, zikichukuliwa na maji hadi ziwa Victoria, ambako wananchi wa Uganda walizitoa na kuzizika.

Wakimbizi walipelekwa mahali paitwapo Benaco, jina lililotokana na kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na kituo chake pale wakati wa ujenzi wa barabara. Palikuwa na bwawa dogo la maji. Kwa siku chache Benaco ikawa moja ya miji mikubwa ya Tanzania kwa idadi ya watu, bila nyumba hata moja ya matofali iliyojengwa kwa ajili yao. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine kama Lumasi, Musuhura na Lukole, na nyingine zaidi upande wa Karagwe.

HESABU YA MTU MMOJA MARA 250,000

Watu husema "wamepelekewa msaada" kana kwamba msaada ni mzigo mmoja unaoteremshwa na kazi ikaisha. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Mtu mmoja kambini huhesabiwa kuhitaji lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Kwa watu 250,000 ni lita 3,750,000 kila siku. Lori la maji la lita 10,000 lingehitaji safari 375 kwa siku, na kesho yake safari 375 nyingine. Ndiyo sababu wataalamu wa maji huanza kwa kutafuta chanzo kilicho karibu, kusukuma maji kwa mashine, kuyatia dawa ndani ya matangi makubwa na kuyashusha kwa mabomba hadi kwenye bomba za kambini. Ngara, shirika la Oxfam ni miongoni mwa waliofanya kazi hii.

Chakula nacho: nafaka, maharage, mafuta na chumvi hufika kiasi cha nusu kilo kwa mtu kwa siku. Zidisha, utapata tani 125, sawa na uzito wa magunia 2,500 ya kilo 50, kila siku iendayo kwa Mungu. Chakula hicho hutolewa hasa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lakini lazima kipite bandarini, kwenye reli, kwenye maghala na juu ya barabara za vumbi, na mvua za masika huwa hazijaambiwa kwamba kuna wakimbizi. Choo kimoja kwa watu 20 ni vyoo 12,500 vya kuchimbwa. Pa kulala ni mita tatu na nusu za mraba kwa kila mtu chini ya turubai, yaani kama mkeka mpana mmoja, na hapo ndipo mtu aweke pia sufuria yake, kuni zake na mtoto wake.

Pamoja na ugumu huo Ngara haikugeuka makaburi, na sababu zake zinafaa kukumbukwa. Tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wakimbizi wa Kirundi walikuwa wamekwishaingia Tanzania kwa wingi. Kwa hiyo wafanyakazi wa UNHCR, wa Msalaba Mwekundu na wa mashirika mengine walikuwa tayari wako Ngara, na maturubai na chakula kiasi vilikuwa ghalani. Serikali ya wilaya ilishirikiana nao. UNHCR haikuruhusu kila shirika linaloshuka na bendera yake lijichagulie kazi. Wahangaza, wenyeji wa Ngara, lugha yao inakaribiana sana na Kinyarwanda na Kirundi, kwa hiyo mkimbizi aliweza kuomba maji akaeleweka. Watoto walichanjwa surua mapema. Vifo vilitokea, lakini maradhi makubwa ya mlipuko yalizuiwa.

Wenyeji walilipa gharama yao. Miti ya kuni ilikatwa vilima kwa vilima, mashamba yaliibiwa mazao, barabara ziliharibika na wizi wa kutumia silaha ukaongezeka. Wapo waliopata ajira na biashara pia, hilo tusilifiche. Ila mama aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba yake sasa alitembea saa kadhaa, wala hakuna aliyemwandikia kadi ya mgao.

GOMA

Kigali iliangukia mikononi mwa RPF tarehe 4 Julai 1994. Serikali iliyoendesha mauaji ikakimbilia magharibi pamoja na jeshi lake, na ikawasukuma wananchi mbele yake. Kuanzia tarehe 14 Julai, kwa siku nne au tano, watu wanaokadiriwa kufika 850,000 waliingia Goma, mji wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ulio kwenye ufuo wa kaskazini wa ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto Nyiragongo.

Angalia tofauti na Ngara. Goma hakukuwa na akiba ya kutosha wala watumishi wa kutosha. Serikali ya Rais Mobutu ilikuwa dhaifu. Na ardhi yenyewe ni mawe, lava iliyoganda, jembe haliingii. Huwezi kuchimba choo, wala huwezi kuchimba kaburi. Wakimbizi walipotawanywa katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, ilionekana kwamba Kibumba haikuwa na maji kabisa. Ziwa Kivu lipo, limejaa, lakini kilomita zaidi ya 20 kutoka hapo. Waliobaki mjini waliteka maji ziwani palepale walipokuwa wakioga na kujisaidia.

Tarehe 20 Julai ikathibitishwa kwamba kuna kipindupindu.

Ugonjwa huu huua kwa kukausha mwili. Mgonjwa huharisha na kutapika maji mengi, na asipoyarudisha anaweza kufa kwa saa chache. Dawa yake kubwa ni maji yenye sukari na chumvi, na dripu kwa aliyezidiwa. Mahali palipo na huduma nzuri, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Katika siku za mwanzo za Goma, kwenye vituo vya tiba vyenyewe, walikufa zaidi ya 20 katika kila 100, na wengi zaidi walifia njiani bila kufika kituo chochote. (Kwa kuwa gazeti hili linasomwa pia na wazazi: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazisha. Mpe mgonjwa kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali.)

Wataalamu wa afya hutumia kipimo hiki: katika dharura, kifo zaidi ya kimoja kwa siku kwa kila watu 10,000 ni dalili ya hatari. Goma katika mwezi wa kwanza vilikuwa kati ya 20 na 35. Ndani ya mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Maiti zilifungwa mikeka zikawekwa kando ya barabara, na askari wa Kifaransa waliokuwa eneo hilo wakazikusanya na kuzizika kwa matingatinga, mamia katika shimo moja, bila kukoshwa, bila kusaliwa na dini yoyote, bila jina.

Hapo ndipo kamera za dunia zilipofika, na ndipo misaada ilipofurika. Ndege za kijeshi za Marekani na za nchi nyingine zilitua Goma, mitambo ya kusafisha maji ikafungwa kando ya ziwa, malori yakaanza kupeleka maji Kibumba, madaktari wakaja kwa mamia. Baada ya kipindupindu likafuata kuhara damu. Mwishoni mwa Agosti vifo vilikuwa vimepungua sana. Kazi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi mno na waliofanya, wengi wao vijana wa Kikongo na wakimbizi wenyewe waliobeba wagonjwa migongoni, wanastahiki shukurani. Lakini fikiri: baina ya Aprili na Desemba 1994 jumuiya ya kimataifa ilitoa kiasi cha dola bilioni 1.4 kwa ajili ya janga hili la Rwanda. Fedha hizo zilikuja baada ya mauaji. Kabla yake, tuliona, askari walipunguzwa.

NANI ALIKUWA AKIGAWA CHAKULA?

Sasa tunafika kwenye fundo la somo.

Ili kulisha watu laki kadhaa kwa haraka, mashirika yaliwapanga wakimbizi kwa vijiji na komini walizotoka Rwanda, na chakula wakakabidhiwa viongozi wa komini wakagawe. Kwa ghala ni njia rahisi. Lakini viongozi hao ndio wengi wao walioandaa mauaji. Jeshi lililoshindwa lilikuwa Goma na sare zake na baadhi ya silaha zake. Interahamwe walikuwa ndani ya kambi. Viongozi walitaja idadi kubwa kuliko watu waliokuwepo, wakachukua ziada na kuiuza, na fedha zikanunua walichotaka. Hesabu ilipofanywa upya mwanzoni mwa 1995, idadi ya wakimbizi ilishuka. Mkimbizi aliyesema anataka kurudi kwao alitishwa, na wapo waliouawa kwa neno hilo. Kutoka kambini wapiganaji walivuka mpaka usiku, wakaua Rwanda na kurudi kula mgao.

Hata Ngara haikusalimika. Katikati ya Juni 1994 aliyekuwa mkuu wa komini ya Murambi, Jean-Baptiste Gatete, alionekana Benaco. Ilipotakiwa aondolewe kwa kuwa alituhumiwa mauaji, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi wa misaada wakimtetea, na baadhi ya mashirika yakasimamisha shughuli zao kwa muda. Gatete alikuja kukamatwa mwaka 2002 huko Kongo, akahukumiwa mwaka 2011 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na katika rufaa mwaka 2012 akapewa kifungo cha miaka 40. Walioshika mabango ya kumtetea siku ile, wangapi walimpenda na wangapi walimwogopa? Hili hatuwezi kulijua, na ndio ugumu wenyewe.

Mkuu wa UNHCR wakati huo, mama wa Kijapani Sadako Ogata, aliomba majeshi ya kimataifa yaje kuwatenganisha wenye silaha na raia. Hakuyapata. Nchi zilizotoa ndege na unga hazikutaka kutoa askari. Mwishowe, mwaka 1995, UNHCR ililazimika kuwalipa askari 1,500 wa Zaire walinde kambi. Walipunguza wizi na fujo, lakini kuwanyang'anya silaha wauaji halikuwa jambo la uwezo wao. Na kambi zilibaki karibu na mpaka, kinyume na mkataba wa 1969.

KUONDOKA AU KUBAKI?

Mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba linaondoka kambini. Hoja yao: hatuwezi kuwa jiko la wauaji. Wengine, pamoja na matawi mengine ya shirika hilohilo, walibaki kwa muda. Hoja yao: kambini kuna watoto, wajawazito na wazee ambao hawakumuua mtu, na tukiondoka watakaokufa kwanza si wenye bunduki. Wenye bunduki hawakosi kula.

Mwanafunzi wa madrasa atauliza: dini inasemaje? Mimi si mufti, lakini nitaeleza ninavyoona. Katika Suratul-Insan, aya ya 8, Allah anawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka. Mateka wa wakati ule alikuwa adui aliyetoka kupigana na Waislamu, na bado alilishwa. Kwa hiyo kusema "asilishwe kwa kuwa ni adui" si kauli ya Muislamu. Lakini angalia neno lenyewe, mateka. Huyo ni mtu aliyekwishanyang'anywa silaha, hawezi tena kudhuru. Wa Goma hakunyang'anywa. Na tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba ndugu yako akiwa dhalimu, kumsaidia ni kumzuia dhulma yake. Kwa maoni yangu, basi, waliobaki kulisha hawakukosea na walioondoka hawakukosea sana. Waliokosea ni wenye majeshi, ambao kazi ya kuzuia ilikuwa yao na wakawaachia madaktari. Unaweza kutofautiana nami, na katika darasa ningependa utofautiane kwa hoja.

MWISHO WA KAMBI

Kambi za Zaire zilivunjwa kwa vita. Oktoba 1996 majeshi ya Rwanda na waasi wa Kikongo wa Laurent-Désiré Kabila walizishambulia. Katikati ya Novemba kambi ya Mugunga ilivunjika, na kwa siku chache watu zaidi ya nusu milioni walirudi Rwanda kwa miguu, msururu usiokatika barabarani. Wengine walikimbilia misituni kuelekea magharibi, hadi Tingi-Tingi na Kisangani. Miongoni mwao walikuwemo wauaji, na walikuwemo pia wanawake na watoto waliofukuzwa na kuuawa kwa maelfu, jambo ambalo ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imelieleza kwa kirefu.

Tanzania nayo, ambayo ilikuwa imefunga mpaka wake na Burundi tangu tarehe 31 Machi 1995, ilichoka. Desemba 1996 serikali, pamoja na UNHCR, ilitangaza kuwa Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi waliacha kambi wakakimbilia mashariki, ndani zaidi ya nchi. Wanajeshi wakawageuza kuelekea Rusumo. Karibu watu nusu milioni walivuka daraja lile lile, safari hii wakirudi. Mashirika ya haki za binadamu kama Amnesty International yalilaumu kwa kusema kurudi kwa namna ile hakukuwa kwa hiari, na UNHCR ililaumiwa kwa kuweka jina lake katika tangazo lile. Nchi iliyosifiwa kwa ukarimu kwa miaka 30 iliyokuwa imepita ilijikuta upande wa pili wa mizani. Anayetaka kuihukumu akumbuke wenyeji wa Ngara. Anayetaka kuitetea akumbuke kwamba yatima naye aligeuzwa na jeshi lile lile.

VIPIMO VILIVYOZALIWA GOMA

Mwaka 1996 ilitolewa ripoti kubwa ya tathmini iliyofadhiliwa na nchi na mashirika mengi. Ilisema wazi kwamba misaada ya kibinadamu haiwezi kushika nafasi ya uamuzi wa kisiasa. Ilisema pia kwamba miongoni mwa mashirika zaidi ya 200 yaliyoshughulikia janga lile yapo yaliyofanya kazi nzuri sana na yapo yaliyokuja bila ujuzi.

Kutokana na aibu hiyo, mwaka 1997 Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika yasiyo ya kiserikali walianzisha mradi uitwao Sphere. Kitabu chake cha kwanza kamili kilitoka mwaka 2000, na toleo jingine lilitoka 2018. Lita 15, choo kwa watu 20, mita tatu na nusu za mraba: vipimo hivyo tulivyohesabia Ngara hapo juu vimeandikwa humo. Msingi wake ni kwamba mwenye janga ana haki ya kupata kiwango fulani. Msaada si hisani ambayo mtoaji anatoa anavyopenda, kama vile zaka isivyokuwa hisani ya tajiri. Masikini na mwana wa njia wana fungu lao lililotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60.

MASWALI

Andika majibu katika daftari lako, na maswali mawili ya mwisho yajibu pamoja na wazazi wako.

1. Taja jambo moja ambalo mkataba wa OAU wa 1969 uliongeza katika maana ya mkimbizi.

2. Kambi ina watu 40,000. Kwa siku moja wamekufa watu 12. Je, wamevuka kipimo cha hatari? Onyesha njia.

3. Hesabu wanafunzi na walimu wa madrasa yako. Wangekuwa wakimbizi, wangehitaji lita ngapi za maji kwa wiki, na vyoo vingapi?

4. Kwa nini Ngara haikupata maafa kama ya Goma? Toa sababu tatu, kisha useme ipi unaona ni kubwa kuliko nyingine na kwa nini.

5. Wewe ni mgawaji wa unga Katale, Novemba 1994. Kiongozi wa komini anakuletea orodha ya majina 3,000 na unajua watu hawazidi 2,000. Nyuma yake wamesimama vijana wawili wenye panga, na nyuma ya hao kuna foleni ya akina mama. Unafanya nini asubuhi hiyo?

6. Muulize mzee yeyote wa familia aliyekuwa Kagera, Kigoma, Bukavu au Goma kati ya 1993 na 1997 aliona nini. Andika ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe bila kuyarekebisha, na uulete darasani.